Kashindye Anafuata Nini kwa Mkwe Wangu

"Usinishike mkono, Teodora! Nimesema nitasema, na nitasema mbele ya hao hao wageni wa Kashindye, kwa sauti ya kufika Kirumba."

"Utasema nini, Bibi Ng'washi? Kwamba umemwona mwanamke anaingia uani?"

"Uani kwa nani? Malizia. Uani kwa mkwe wangu! Kwa mume wa mwanangu Rebeka, tena siku ambayo Rebeka yuko sokoni. Anaingia ameinama kama kuku aliyeiba mtama."

"Ameinama kwa sababu mlango wa uani wa Machibya ni mfupi. Hata mimi nikiingia nainama."

"Na wewe unaingia kufuata nini?"

Teodora akacheka. Huyu ni Mhaya, jirani yangu hapa Igogo, muuza dagaa, mdogo kwangu kwa kiasi cha kuniamkia shikamoo lakini si kwa kiasi cha kuniogopa. Kicheko chake kina majivuno ndani yake kama senene alivyo na mafuta. Alikuwa amesimama mbele yangu na ufagio, maana tulitangulia darasani kusafisha kabla ya wageni kufika. Yeye anasafisha, mimi nasimamia.

Darasa lenyewe ni stoo ya zamani ya mbegu za pamba. Iliachwa na babu yake Minaz, jirani yetu Mhindi, na hao ni watu waliofika Mwanza wakati ziwa bado lina maji ya moto. Ndiyo maana samaki wa zamani walikuwa hawapikwi, unavua unakula. Siku hizi pamba imehama, na Minaz ametuachia stoo kwa ajili ya kisomo cha watu wazima. Kila msomaji anakuja na stuli yake na kuondoka nayo. Ina ubao mmoja, dirisha dogo moja linalotazama jiko la Minaz, na mlango mmoja tu. Mlango huo ni wangu. Mimi sisomi. Nilikataa tangu siku ya kwanza, nikasema macho yangu yamezoea kuangalia watu, yakiangalia herufi yataharibika. Lakini nakaa pale mlangoni kila siku ya darasa, kwa kuwa wanawake waliokaa wamegeuzia dunia mgongo wanahitaji mtu wa kuwaangalizia dunia.

Siku hiyo Kashindye alikuwa analeta wageni. Watu wa chuo chake cha Dar, pamoja na watu wa elimu, wanakuja kutuuliza sisi wenyewe: huyu mwenzenu, haya aliyoyaandika juu yenu, ni ya kweli? Yamewafaa? Wakisikia ndiyo, njia yake itafuatwa kwenye madarasa yote ya mwambao wa ziwa. Wakisikia hapana, au wakisikia jambo la aibu, basi Kashindye atarudi Dar akafundishe madawati, na stoo hii atapewa muuza bia mmoja aliyekwisha kuja kuipima kwa macho mara kadhaa. Na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa kuliko wote, mimi ndiye wa kuulizwa kwanza.

Unaona sasa kwa nini Teodora alikuwa ananishika mkono.

Huyo Kashindye mnamsikia kwa jina la Dokta Evelina. Mimi namwita Kashindye kwa sababu nilikuwepo alipozaliwa. Alizaliwa Mabatini, nyumba ya nyuma kabisa, mama yake Suzana muuza uji, baba yake Venant kuli wa bandarini. Alitanguliza miguu, na kwetu Usukumani mtoto anayetanguliza miguu hatafutiwi jina, ni Kashindye tu. Miguu yake ilitoka asubuhi, ikakaa inasubiri. Kichwa kikaja jioni, na kabla ya kulia kikauliza, "Hapa ni wapi, na nani anaosha vyombo?" Wakunga wawili walikimbia. Mimi nikabaki, nikamjibu: "Hapa ni Mabatini, na vyombo utaosha wewe." Ndipo akalia.

Tangu hapo hakuacha kuuliza. Akikutana nawe anakuuliza umetoka wapi, ukimjibu anakuuliza kwa nini hukutoka kwingine. Kwa nini kaka zake wanakula kwanza. Kwa nini mama akipika uji anauonja wa mwisho. Venant akasema mtoto huyu ana mdudu sikioni. Nami nikasema mdudu yuko ulimini, sikio lake halina tatizo, linasikia hata yanayonong'onwa.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo alilisikia akiwa bado mgongoni kwa mama yake. Suzana alikuwa anasoma kisomo. Enzi zile serikali ilikuwa imewaingiza watu wazima wote darasani, ukikutwa hujui kusoma unaulizwa una ugonjwa gani. Suzana alikuwa anaenda jioni na mtoto mgongoni, na alikuwa mwepesi, amekwisha kufika mahali pa kuunganisha maneno. Halafu baba mzazi wa Venant akaja kutoka Magu kuishi nao, na mzee naye akataka kusoma. Akaenda darasa lile lile. Sasa wewe niambie, mwanamke anakaaje benchi moja na baba mkwe wake? Atatajaje jina lililoandikwa ubaoni, kama jina hilo ni la mkwe? Suzana alikaa siku ya kwanza ameangalia ukuta. Siku ya pili alisema anaumwa. Kisha hakwenda tena. Mwalimu akaandika kwamba mumewe amemkataza. Venant wa watu! Yule alikuwa anambebea mkewe taa.

Hiyo habari ni ya kweli, na nina hakika Kashindye aliinyonya pamoja na maziwa. Akakua, akasoma, akapita shule baada ya shule, mpaka akavuka maji makubwa akasomea jinsi wanawake na wanaume wanavyoishi, kana kwamba hapa Mabatini pazia la chumba lilikuwa linaficha kitu. Akarudi anaitwa dokta. Nilifurahi, nikaenda kumwonyesha goti. Akaliangalia goti, akaniuliza lilianza kuuma mwaka gani na nani alikuwa anachota maji siku hizo. Sikupewa hata kidonge.

Ndipo akaja kukaa mwaloni kwetu, pale mitumbwi inaposhushia dagaa. Akakaa msimu mzima. Anaanika dagaa na sisi, anageuza na sisi, ananuka kama sisi. Watu wakasema mpelelezi. Wengine wakasema ametumwa na wanunuzi wa viwanja. Mimi nilisema ngojeni, mwanamke wa umri ule asiye na mume akiuliza sana habari za waume za watu, mwisho wake mtauona.

Maana ndivyo alivyokuwa anauliza. Kwa nini waume zenu hawaji kwenye kisomo? Wakubwa wenzake wa Dar walikwisha kuandika jibu zamani: wanaume wana kiburi, hawataki kukaa na wanawake, wanapenda pombe. Na wanaume wenyewe ukiwauliza wanasema hatuna nafasi, tumechoka na nyavu. Kashindye hakuwaamini wakubwa, wala hakuwaamini wanaume. Kwa hilo nampa heshima yake, hatuko mbali mimi na yeye. Na mimi simwamini mtu.

Akajibanza kwenye kona ya barabara ya stoo, akawa anaangalia. Akaona wanaume wanakuja, stuli mkononi, wamenawa uso. Wakifika konani wanachungulia mlango, kisha wanageuka wanarudi mbio. Akawauliza mnakimbia nini. Hakuna aliyemjibu. Basi akaanza kuuliza ukoo: huyu kamwoa binti wa nani, yule mama yake mkwe ni nani. Akaja na jibu lake. Wanaume wa Igogo, asema, hawaikimbii elimu. Wanakimbia wakwe zao. Darasa limejaa mama wakwe, na kwetu mkwe mwanaume na mama mkwe hawakai chini ya paa moja, hawaangaliani usoni, hawakutani njiani. Nikimwona Machibya anakuja, mimi naingia majani ya upande huu na yeye ya upande ule, hata kama kuna chatu. Siku moja nachota maji, nikamwona anakuja na mtumbwi mpya anaujaribu. Sikuwa na pa kukimbilia. Nilizama. Nilikaa chini mpaka sato wakanizoea, mmoja akawa ananichezea sikio. Hiyo ndiyo heshima.

Hayo aliyaandika, na nasikia yamefika mbali. Sengerema wametoboa ukuta wa darasa wakaweka mlango wa pili, wakwe hawa huku na wale kule. Ukerewe wamegawana siku. Magu wametundika turubai katikati, mwalimu anasimama mwisho wa turubai na kugawanya uso wake nusu kwa nusu. Nasikia wanaume wameingia darasani mpaka stuli zimekwisha madukani. Hayo ni ya kusikia. Mimi naamini ninachokiona, na nilichokiona ni hiki nilichokuwa nagombana na Teodora juu yake.

"Tena si mara moja," nikamwambia. "Nimemwona wiki baada ya wiki. Rebeka akitoka na ndizi zake tu, huyu anapita nyuma kwa Machibya. Na anakaa! Ningekuwa nimepika makande yangekuwa yameiva na kuliwa."

"Kwani ulikuwa wapi ukimwona?"

"Nilikuwa nyuma ya ukuta."

"Ukuta wa mkwe wako?"

"Ukuta ni wa mwenye nyumba, mimi niliegemea tu."

"Sasa si ungemuuliza Machibya mwenyewe?"

Hapo alinikera. "Teodora! Nitamuulizaje mkwe wangu jambo kama hilo? Nitamuulizaje jambo lolote? Nyie Wahaya mkwe mnakunywa naye lubisi, pombe yenu ya ndizi, sisi tuna adabu."

"Nyie mnaogopa mkwe kuliko mamba, hiyo si adabu, ni maradhi. Haya, Rebeka je? Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Anacheka."

"Basi."

"Basi nini? Mwanamke anayeibiwa mume akalia, huyo ni mzima. Anayecheka amekwisha kufanyiwa kitu. Nimeangalia hata chini ya kizingiti chake kama kuna dawa imefukiwa. Nilikuta kichana."

Dirisha la jikoni likafunguka, sura ya Minaz ikatokea na mvuke wa chai. "Nyie mmeanza tena? Sauti inaingia mpaka kwenye sufuria zangu. Bibi, wageni wako Mirongo tayari, Evelina amenipigia simu, wanakunywa soda wanakuja. Mimi nimewapikia chai ya tangawizi, msije mkaniharibia chai."

"Minaz, mwanangu, hebu wewe sema. Mwanamke akitaka uondoke mlangoni, anataka nini?"

"Anataka kupita."

"Anataka usione nani anapita! Si alikuja kuniomba? Mbele yako. Bibi, siku moja tu kila wiki, hamisha stuli yako mlangoni, ukae nyumbani upumzike. Mimi nipumzike nimechoka nini?"

"Bibi, alikuja kwangu kwanza, akataka tutoboe ukuta tuweke mlango wa pili, kama Sengerema. Nikamwambia nyuma ya ukuta ule ni jiko langu, wanaume watapita juu ya chapati. Ndiyo akaja kwako." Minaz akatazama nyuma kuangalia sufuria. "Mimi nilikataa kwa sababu ya jiko. Wewe ulikataa kwa sababu gani?"

"Kwa sababu aliniomba kwa upole sana."

Minaz akafunga dirisha. Watu hawa wamekaa Mwanza tangu maji ya moto, lakini mtego hawaujui.

Teodora akaegemeza ufagio ukutani, akaja akachuchumaa mbele yangu. Uso wake ulikuwa umeacha utani. "Bibi Ng'washi. Nisikilize. Mimi mwaka jana nilikuwa sijui hata jina langu. Mnunuzi wa dagaa akiandika, nilikuwa naangalia mkono wake unavyokwenda kama naangalia mjusi. Leo najua. Bado sijafika, bado napiga chafya kwenye maneno marefu, lakini najua. Ukisema neno lako mbele ya wale wageni, darasa limekufa. Na Kashindye amekwisha. Hawatauliza kama ni kweli. Mwanamke msomi akitajwa pamoja na mume wa mtu, nani anauliza kama ni kweli?"

"Na mwanangu Rebeka je? Nimwache aliwe?"

"Rebeka haliwi!"

"Mbona unajua sana?"

Akaangalia pembeni. Nikamwona anameza kitu. Mimi nikimwona mtu anameza na hana chakula mdomoni, najua nimefika.

"Aa-haa," nikasema. "Kumbe na wewe umo. Ndiyo maana unainama kwenye ule mlango."

"Niliapa nisiseme."

"Uliapa kwa nani?"

"Kwa Machibya."

"Toba! Mpaka viapo!"

"Anasoma, bibi! Machibya anasoma! Yeye na wanaume wengine wa hapa mwaloni, wote wakwe wa wanawake wa darasa hili. Wanakaa uani kwake, kwenye mtumbwi uliopinduliwa, Kashindye anawafundisha. Wanakutana siku za darasa, kwa sababu wewe unajulikana uko huku mlangoni unalinda, huwezi kutokea kule."

"Lakini nilitokea. Stuli niliiacha mlangoni inalinda."

"Ulitokea, ndiyo, kwa kuwa wewe si mtu wa kawaida. Wanasoma uani kwa kujificha kama wapika gongo, na mahali pa kusomea ni hapa. Hawaji hapa kwa sababu mlango ni mmoja, na kwenye mlango amekaa mama mkwe."

Nikamwangalia. Nikamgeuza geuza kichwani kama unavyogeuza dagaa kuona upande usiokauka. Hadithi ilikuwa imekaa vizuri, na hadithi iliyokaa vizuri mimi ndiyo naiogopa, kwa kuwa nazitunga mwenyewe.

"Machibya ni fundi," nikasema. "Fundi wa mitumbwi, mitumbwi yake inafika Musoma. Mtu wa namna hiyo asome nini?"

"Ndiyo maana anaona aibu. Alikuja kuoa kwako amevaa saa, mkasema kijana wa maana. Hakutaka ujue kwamba jina la mtumbwi likitakiwa kuandikwa anatafuta mtu wa kumwandikia."

"Mwongo. Majina anaandika mwenyewe. Nimemwona juzi kwa macho yangu haya, ana brashi, ana rangi ya bluu, anaandika kwenye mtumbwi mpya. Na Kashindye amesimama nyuma ya bega lake, anamwonyesha kwa kidole! Anacheka! Wote wawili wanacheka! Na ni jina la mwanamke, nasema tena, maana mwanaume hacheki hivyo akiandika jina la baba yake. Nikasema, Ng'washi, sasa limetoka. Ameandika Evelina kwenye mtumbwi, uende mpaka Musoma ukitangaza."

"Uliusoma?"

"Sihitaji kuusoma. Nilimsoma yeye."

Teodora akaweka kiganja juu ya goti langu, lile lile lililonyimwa kidonge. "Mimi niliusoma, bibi. Nilipita jana. Nilianza herufi ya kwanza, nikaenda pole pole mpaka mwisho, nikarudi tena kuhakikisha. Umeandikwa Rebeka."

Nje kulikuwa na kunguru wanagombea utumbo wa samaki. Niliwasikiliza kidogo.

"Wewe ndiyo kwanza unajifunza," nikasema. "Umesoma unachokitaka."

"Twende ukaone."

"Nikaone nini? Mistari? Mistari ya Rebeka na mistari ya Evelina mimi nitaitofautishaje?"

"Ndiyo hapo sasa," akasema Teodora, tena hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningejua la kumjibu.

Nikajiweka sawa kwenye stuli yangu pale mlangoni. Kisha wasiwasi ukarudi, umetembea ukazunguka ukaingia kwa mlango mwingine. Kama ni kweli, kwa nini Rebeka hakuniambia? Mwana haoni shida kumficha mama yake jambo jema? Jema halifichwi, linapigiwa vigelegele. Na Kashindye mwenyewe, mbona hakuja kuniambia, bibi, mkwe wako anasoma, usiseme? Alikuja na upole wake wa hamisha stuli, hamisha stuli. Na kwa nini anahangaika na wanaume wa watu mpaka uani, anapata nini? Mtu hawezi kuhangaika hivyo kwa sababu tu zamani mama yake aliangalia ukuta.

Au anaweza? Suzana alikufa anajua nusu ya herufi. Nilimwosha mimi. Alikuwa na tabia ya kuchora chora vumbini kwa kidole akiwa anasubiri uji uchemke, anafika mahali fulani anaacha, anafuta, anaanza tena mwanzo. Kashindye alikuwa mdogo, amekaa pembeni anaangalia kile kidole. Mara nyingi nilimkuta hivyo.

Lakini sikumwambia Teodora. Ukimwambia Mhaya kwamba umeanza kulegea, kesho atakuwa ametangaza Bukoba.

"Haijalishi," nikasema. "Wageni wakija nitawauliza wao. Nitasema: huyu mwanamke anaingia kwa mkwe wangu nyuma, hebu mwambieni aseme mbele yetu anafuata nini. Kama ni kusoma, aseme."

"Bibi! Ukiuliza hivyo tu umemmaliza. Na Kashindye hatasema ni kusoma. Alimwahidi Machibya hatalitaja jina lake kwa mtu yeyote, hata kwenye kitabu chake hayumo. Atanyamaza, na wewe utasema, mnaona, amenyamaza!"

Ni kweli ningesema hivyo hivyo. Nilikuwa nimekwisha kuipanga sauti.

"Basi aje Machibya aseme mwenyewe," nikasema, kwa uhakika wote wa mtu anayejua jambo haliwezekani. Mkwe wangu aingie nilipo? Ziwa lingekauka kwanza, na sangara wangetembea kwa miguu kwenda Shinyanga kutafuta maji.

Teodora akainuka, akachukua ufagio, akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa. "Nilimwambia Rebeka asubuhi," akasema bila kuniangalia.

"Ulimwambia nini?"

"Unachotaka kusema leo. Nikaona afadhali asikie kwangu kuliko kwa wageni."

"Teodora, wewe ni nyoka wa majini."

"Rebeka akaenda kumwambia mumewe. Alikuwa uani anamalizia rangi."

"Na yeye akasemaje?"

"Rebeka anasema alimsikiliza mpaka mwisho. Aliweka brashi chini, akafunika kopo la rangi. Halafu akauliza stuli yake iko wapi."

"Stuli? Stuli ya nini?"

Mwanga wa mlango ukakatika.

Niligeuka. Kwanza niliona miguu ya stuli inaangalia juu, kama mbuzi aliyebebwa kichwani. Halafu nikaona visigino. Halafu mgongo, mpana, shati limelowa jasho katikati. Alikuwa anaingia kinyumenyume. Mwanaume mzima, fundi wa mitumbwi inayofika Musoma, anaingia darasani kwa kutanguliza visigino ili macho yake yasikutane na yangu, anapapasa kizingiti kwa mguu kama kipofu, stuli kichwani, mikono miwili imeishika.

Nilivuta kitenge changu mpaka kidevuni. Ndiyo adabu. Lakini kitenge hiki ni cha zamani, kimepungua katikati, na kwa pale kilipopungua niliangalia vidole vyake. Si kwamba nilikuwa nimeamini, nilitaka kuhakikisha. Vilikuwa na rangi ya bluu mpaka kwenye kucha, na chini ya bluu kulikuwa na weupe wa chaki, wa siku nyingi, ule usiotoka kwa maji.

"Shikamoo, mayu," mgongo ukasema, ukiniita mama kwa Kisukuma chetu.

"Unaona sasa, bibi, si nilikuambia kwamba..." Teodora alianza, akaishia hapo hapo, ufagio hewani.

Kutoka barabarani ulisikika mlango wa gari unafungwa, na sauti ya Kashindye inawaambia watu waangalie mfereji. Machibya alikuwa amekwama. Kisigino chake kilikuwa kimegota kwenye mguu wa stuli yangu, na hakuweza kurudi wala kuingia.

Nikainuka kidogo, nikaisogeza.